Maili 350 kwa Siku

Jeshi la Marekani linapomhamisha askari, huanza kwa kupima mizigo ya nyumba yake. Sajini wa cheo cha mume wangu, mwenye mke na watoto, husafirishiwa hadi pauni 11,000, karibu kilo 5,000, na gharama yote ni ya serikali: wapakizaji wanaokuja na maboksi, lori, meli, na lori jingine linalosubiri ng'ambo ya bahari. Gari moja huvushwa bure. Mwendo wa barabarani nao una kanuni yake. Kila maili 350 huhesabiwa kuwa siku moja ya safari, na kwa siku hiyo familia hupewa posho ya chakula na malazi. Nimeishi na kanuni hizi vya kutosha, nami naziheshimu. Aliyeziandika alielewa kwamba askari anayehangaikia kitanda cha mwanawe hawezi kutulia kazini. Lakini kati ya fomu zote tulizotia sahihi tulipopewa uhamisho wa Ujerumani, hakuna hata moja iliyouliza watoto wataiaga vipi nchi ambayo baba yao ameapa kuilinda.

Vituo vya kupokea magari ya askari viko katika miji kadhaa, na kimojawapo kilikuwa Texas humo humo, mwendo wa saa chache kutoka nyumbani kwetu Killeen. Mume wangu alikuwa amechoka. Yeye ni mtu wa tiba jeshini, na miezi ya mwisho kabla ya uhamisho ni ya makabidhiano, mafaili na foleni za uchunguzi wa afya, maana jeshi halimpeleki mtoto ng'ambo mpaka ithibitike kwamba matibabu anayoyahitaji yanapatikana huko aendako. Alitaka tulikabidhi gari Texas, tupande ndege hadi Baltimore, na kutoka Baltimore tupande ile ndege ya kukodiwa na jeshi, Patriot Express, inayovuka Atlantiki usiku kucha hadi Ramstein. Ni njia ya busara, na familia nyingi huifuata.

"Baba watoto, twende kwa barabara," nikamwambia.

"Mama, Baltimore ni maili elfu moja na mia tano."

"Ndizo ninazozitaka."

Hakujibu. Alivuta karatasi akaanza kuhesabu siku za likizo zilizokuwa zimebaki. Kwake yeye, kuhesabu ndiyo kukubali.

Sababu yangu ilikuwa hii. Wanangu walikuwa wameiona Marekani kupitia dirisha la ndege, au kutoka ndani ya uzio. Na ndani ya uzio, kambi hufanana: duka lile lile, nyasi zilizokatwa kwa kimo kile kile, bembea zile zile. Jioni, bendera inapoteremshwa, baragumu hulia kwenye vipaza sauti. Magari husimama, madereva hushuka, na watoto huacha mpira ujiendee wenyewe, wakasimama wima wakiikabili bendera, mkono kifuani. Wanangu wanaijua bendera hiyo kuliko watoto wengi wa mitaani. Nchi ambayo bendera hiyo ni yake hawakuwa wakiijua.

Mimi pia ni binti wa askari, ila wa Kenya. Uhamisho ulimpeleka baba Gilgil, ukampeleka Garissa, ukampeleka Wajir, nasi hatukuhama naye. Ndivyo zilivyoishi familia nyingi za askari wetu: baba kambini, mama shambani, watoto wakikulia karibu na nyanya yao. Tulibaki Taita, huko juu Wundanyi, ambako ukungu hukawia kuondoka asubuhi na migomba imeshikilia miteremko. Baba alikuja likizo na sanduku la chuma lililoandikwa jina na nambari yake kwa rangi nyeupe. Tulimheshimu kama anavyoheshimiwa mgeni, tukimwamkia kwa zamu, kila mmoja akisubiri aitwe. Nilikua nikijua kila kaburi la ukoo wetu lilipo na kila mpaka wa shamba unakopita, lakini sikujua baba yangu anacheka nini.

Wanangu ni kinyume changu. Jeshi la Marekani humhamisha askari pamoja na mkewe na watoto wake panapowezekana, na nauona huo kuwa wema mkubwa. Zipo safari za kikazi ambazo huondoka peke yake, na hizo tumezipitia, lakini ndiye aliyewafundisha kuendesha baiskeli, na wanajua hasa anacheka nini. Mtu akiwauliza kwao ni wapi, hutazamana. Mimi nilikuwa na kwetu bila baba; wao wana baba bila kwao. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka, nikaona kwamba hasara yao ndiyo inayoweza kupunguzwa. Baba aliyekosekana utotoni harudishwi. Nchi inaweza kuonyeshwa mtoto hata katika wiki za mwisho.

Mume wangu aliingia jeshini kwa mlango ambao sasa umefungwa. Alikuja kama mwanafunzi, kwa viza ya masomo, na mwishoni mwa mwaka 2008 jeshi lilianzisha mpango wa kuwachukua wageni wenye viza za muda waliokuwa na utaalamu wa tiba au lugha zilizohitajika. Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Vijana wa Kenya waliokuwa wakifanya zamu za usiku ili walipe karo walijikuta lugha ya nyumbani imewafungulia njia ya uraia, nao wakaapishwa kuwa Wamarekani mapema tu baada ya kuvaa sare. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016. Naueleza kwa sababu watoto wetu wapo Marekani kutokana na lugha wanayoielewa lakini huijibu kwa Kiingereza, na katika gari, mbali na shule na marafiki, walianza kuijibu kwa lugha hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka, nyumba huchambuliwa. Ujerumani hutumia umeme wa volti 230, kwa hiyo vifaa vingi vya jikoni vya Kimarekani havina maana huko; tuliuza, tukagawa. Sufuria ya ugali na mwiko havikwenda na meli. Hata kambi yetu ya Killeen haikuwa imetulia: Mei 2023 Fort Hood iliitwa Fort Cavazos, kwa heshima ya Richard Cavazos, Mtexas na jenerali wa kwanza wa nyota nne mwenye asili ya Kilatini, na mwaka 2025 ikarudishiwa jina la Hood, safari hii kwa kumbukumbu ya Hood mwingine, aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, badala ya yule jenerali wa Kusini aliyepigania utumwa uendelee. Karatasi za shule za binti yetu zina jina ambalo halimo tena kwenye lango. Alitaka kujua aandike lipi. Baba yake akamwambia aandike lililokuwapo alipokuwapo.

Tulianza Dallas, kwa ndugu zetu. Wakenya wa Dallas na vitongoji vyake ni wengi, na wanajua kusindikiza mtu. Kulikuwa na nyama choma, kachumbari na chapati, na mzee mmoja aliyetuombea safari kwa kirefu, akitaja majimbo ya njia yetu kwa majina yake. Watoto wangu hawakuwa wamewahi kuombewa hivyo, jimbo kwa jimbo. Mdogo alianza kuyahesabu kwa vidole: Texas, Arkansas, Tennessee, Virginia, Maryland. Asubuhi yake, kila tulipovuka mpaka, alitangaza kwa sauti kwamba sala ya mzee imefika hapo.

Barabara hizi kuu za Marekani zina historia ya kijeshi ambayo mke wa askari ana haki ya kuijua. Tarehe 7 Julai 1919 msafara wa jeshi wa magari kama 80 uliondoka Washington kwenda San Francisco, kujaribu kama nchi nzima inaweza kuvukwa kwa magari ya injini. Ulichukua siku 62. Madaraja yalivunjika, magari yalizama kwenye matope na mchanga, na kuna siku mwendo ulikuwa wa mtu atembeaye kwa miguu. Miongoni mwa maofisa alikuwamo kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Denison, Texas, aitwaye Dwight Eisenhower. Miaka ishirini na kitu baadaye aliongoza majeshi ya washirika Ulaya, akaziona barabara pana za Ujerumani. Na alipokuwa rais, tarehe 29 Juni 1956, akatia sahihi sheria ya kujenga mtandao wa barabara wa maili 41,000. Nambari zake zina mpango: njia kuu zenye nambari shufwa huenda mashariki na magharibi, zenye nambari witiri huenda kusini na kaskazini. Binti yetu aliposhika mpango huo hakuuliza tena tumefika wapi. Alisoma kibao, akasema sasa tunaelekea mashariki.

Little Rock, Arkansas, tulisimama kwa makusudi. Shule ya sekondari ya Central ingali shule, jengo kubwa la matofali lenye ngazi pana mbele. Ilikuwa likizo ya kiangazi na ngazi zilikuwa tupu. Mwezi Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walitakiwa kuanza masomo hapo, baada ya Mahakama ya Juu ya nchi kuamua kwamba shule za ubaguzi haziruhusiwi na katiba. Gavana Orval Faubus alipeleka Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha Arkansas kuwazuia. Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, alifika peke yake, akarudishwa na askari wenye bunduki huku umati ukimzomea. Wiki tatu baadaye Eisenhower alikitoa kikosi hicho chini ya gavana, akakiweka chini ya amri yake, na kuleta askari wa miavuli wa Divisheni ya 101, ambao waliwapandisha watoto hao tisa ngazi zile zile.

Binti yetu alisimama chini ya ngazi kwa muda. Kisha akamuuliza baba yake: "Wale wa kwanza walikuwa askari?"

"Walikuwa askari."

"Na wale wa pili?"

"Askari pia."

"Wewe ungekuwa wapi?"

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alimwambia kwamba askari hula kiapo kwa katiba, na kwamba siku ikifika ambayo amri ya mkubwa inapingana na katiba, ndipo anapojulikana kama alikielewa kiapo chake. Sikumwona tena baba wa watoto wangu kwa jicho lile la zamani. Miaka yote nimemfulia sare hiyo na kuishona vifungo, na siku hiyo nilielewa kwamba sare yenyewe haina upande. Upande huamuliwa na aliyeivaa.

Kwa familia nyeusi ya kijeshi, barabara hii hii ilikuwa na maana nyingine si muda mrefu uliopita. Rais Truman aliagiza ubaguzi ukomeshwe jeshini tarehe 26 Julai 1948. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 sajini mweusi aliweza kuishi kambini jirani na sajini mweupe, watoto wao wakicheza pamoja, kisha siku ya uhamisho akapakia familia kwenye gari na kuingia katika majimbo ambako hakuna hoteli ingemlaza wala mkahawa ungemuuzia chakula mezani. Walibeba kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na maji. Wengine walibeba kitabu cha mwongozo cha Victor Hugo Green, mtumishi wa posta wa Harlem, kilichoanza kutoka mwaka 1936 kikionyesha nyumba za kulala na vituo vya mafuta ambavyo mtu mweusi hangefukuzwa. Mwaka 1964 Colin Powell, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi yote ya Marekani na baadaye waziri wa mambo ya nje, alikuwa ametoka vitani Vietnam. Katika mji wa Columbus, Georgia, aliambiwa aende dirisha la nyuma kama anataka mkate wa nyama. Akaondoka bila kula. Baada ya sheria ya haki za raia kutiwa sahihi Julai mwaka huo, alirudi pale pale akahudumiwa.

Tuliwaeleza watoto haya tukiwa tumeketi mezani katika mkahawa wa kando ya barabara, na mhudumu akituongezea chai baridi bila kuombwa. Nilitaka wajue kwamba meza ile ilipiganiwa, na kwamba baadhi ya waliolipigania jambo hilo walikuwa wamevaa nguo za baba yao. Mtoto asiyejua hayo ataipenda nchi kwa sababu ya viwanja vyake vya michezo, na upendo huo hautamfikisha mbali akiwa ugenini, siku mtu atakapomuuliza Marekani ni nchi ya namna gani.

Tulivuka mto Mississippi pale Memphis jioni, tukaendelea.

Clarksville, Tennessee, ndiko tulikoishi binti yetu alipozaliwa, wakati mume wangu akiwa Fort Campbell, kambi iliyokaa juu ya mpaka wa majimbo mawili. Hospitali iko upande wa Kentucky, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa kinataja jimbo ambamo hakuwahi kulala isipokuwa zile siku za kwanza wodini. Nyumba tuliyopanga ilikuwa upande wa Tennessee. Tuliikuta. Rangi ya mlango ilikuwa imebadilishwa, na baiskeli mbili zilikuwa zimelala kwenye nyasi. Familia nyingine ya askari, bila shaka, maana mji ule umejaa sisi. Hatukubisha hodi. Binti yetu aliitazama nyumba kutoka garini, akauliza dirisha lake lilikuwa lipi. Nikamwonyesha. Akauliza kama kuna kitu chake kilichobaki humo. Nikamwambia kwamba nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mapera ya kizungu, baba yake alizika kitovu chake, kama walivyozikiwa vitovu wazee wake Taita. Hakuwa akijua. Alishuka garini, akasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, akaitazama ile nyumba upya.

Nimefikiri sana kwa nini hatukuwa tumemwambia. Tuliona haya, nadhani, kwa desturi ya kwetu iliyofanywa kwenye nyumba ya kupanga. Lakini mama mwenye nyumba wa sasa hapungukiwi na kitu, na mtoto wetu ana mahali pa kutaja. Halafu nikawakumbusha: wale askari wa miavuli waliokwenda Little Rock mwaka 1957 walitoka kambi hii hii. Kuzaliwa jirani na watu hao si jambo dogo.

Kutoka Knoxville barabara hupanda kaskazini mashariki, na ikiingia Virginia hufuata bonde refu lenye milima pande zote mbili, zaidi ya maili 300 katika jimbo moja. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilipowaambia watoto kwamba Wundanyi huamka hivi, mdogo alisema anaikumbuka Wundanyi. Haikumbuki. Mara tulizokwenda tulitua Nairobi usiku, tukapakiwa kwenye gari wakiwa wamelala, wakaamkia uani kwa nyanya yao. Kwa watoto hao, Kenya ni uwanja wa ndege na ua mmoja wenye kuku.

Mahali pa mwisho nilipapanga mimi: Gettysburg, Pennsylvania, kaskazini kidogo ya njia yetu. Watu huenda huko kwa sababu ya vita vya Julai 1863 na makaburi ambako Lincoln alihutubia Novemba mwaka huo. Tulitembea kati ya mistari ya mawe meupe, na nilikumbuka makaburi ya Voi na Taveta, ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918, ambayo tulipita kando yake utotoni bila kuuliza vijana hao walitoka wapi. Lakini nililolifuata Gettysburg lilikuwa shamba la Eisenhower na mkewe Mamie. Walioana mwaka 1916. Walihama kambi kwa kambi, Panama, Ufilipino, Ulaya, na nyumba yao wenyewe ya kwanza, ambayo ilikuwa pia ya pekee, waliinunua hapo mwaka 1950, baada ya miaka 34 ya ndoa. Hawakuichagua kwa kubahatisha. Mwaka 1918 aliwahi kupangiwa kazi Gettysburg, kufundisha askari wa vifaru, na mkewe aliishi naye hapo wakiwa na mtoto mchanga.

Mtoto huyo, waliyemwita Icky, alifariki Januari 1921 kwa homa ya vipele vyekundu, akiwa na miaka mitatu, katika kambi ya Meade huko Maryland, maili chache tu kutoka uwanja wa ndege tuliokuwa tukiuendea. Walimzika Denver, kwa wazazi wa Mamie, kwa kuwa wao hawakuwa na mahali. Mwaka 1966, mzee akiwa na miaka 75, walimhamishia Abilene, Kansas, pale walipojiandalia kaburi lao wenyewe. Mtu anaweza kuongoza mamilioni ya askari na kutawala nchi kwa miaka minane, na bado akabakia na deni la kumtafutia mwanawe mahali. Nilisimama kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ile, mbele ya mashamba, nikamlilia mtoto wa watu aliyekufa miaka mia iliyopita, na mume wangu akanishika bega bila kuuliza.

Nilikuwa na sababu yangu ya kulia, zaidi ya Icky. Karatasi ya uhamisho ilitaja Landstuhl. Ni hospitali kubwa kuliko zote za Wamarekani nje ya nchi yao, na kwa mtu wa tiba jeshini ni heshima kupangiwa huko. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, wengi mno wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia, nilikuwa mwanafunzi. Tulisikiliza redio kwa mwalimu mkuu. Ilisemwa kwamba baadhi ya majeruhi, Wakenya pamoja na Wamarekani, wamesafirishwa Ujerumani kutibiwa. Nilibaki na neno hilo Ujerumani, bila jina la mji wala la hospitali. Miaka mingi baadaye mume wangu alipofika nyumbani na ile karatasi, akaniambia hospitali yenyewe ndiyo hiyo. Wanangu wataishi kilomita chache kutoka kwenye vitanda ambako watu wa nchi ya mama yao na watu wa nchi ya baba yao ya kiapo walilazwa pamoja. Tuliwaeleza hilo tukiwa Gettysburg, palepale kwenye baraza, na hatukuwaficha idadi ya waliokufa.

Gari likikabidhiwa kwa ajili ya meli, kanuni hutaka tangi lisiwe na mafuta zaidi ya robo, na gari liwe safi, ndani, nje, hata chini ya tumbo lake, maana udongo na wadudu havivushwi. Mume wangu alilipeleka kwenye maji ya shinikizo karibu na Baltimore. Vumbi la Texas, wadudu wa Arkansas waliogonga kioo, matope mekundu ya Tennessee, vyote vilioshwa. Watoto walisaidia. Mdogo alitaka kuacha sehemu moja ndogo chini ya kiti chake. Mkaguzi aliiona, akaifuta kwa upole na kumweleza sababu. Kwenye uwanja wa ndege, ofisa wa kaunta alimuuliza binti yetu ametoka wapi, kama watu wakubwa wanavyowauliza watoto kupitisha muda. Hakutazamana na mdogo wake. Alianza na Kentucky, akaeleza mti, akaeleza ngazi za shule, akafika mpaka Gettysburg, na foleni ikasubiri.

Kwa dada na kaka zangu mliovaa sare hiyo, au mliooa na kuolewa ndani yake, huko Texas, Georgia, Washington na Carolina: uhamisho ukija, ombeni siku za likizo kabla hamjaomba kitu kingine, na msilikabidhi gari kwenye kituo cha karibu. Na kwa ndugu zetu mlio Kenya, nina ombi. Tutakuja Desemba. Msituletee gari la usiku. Tupokeeni asubuhi, mtupitishe barabara ya Mombasa mchana kweupe, tusimame Sultan Hamud, tusimame Emali watoto wanunue machungwa wao wenyewe kwa Kiswahili chao, tusimame Mtito Andei, tusimame kwenye makaburi ya Voi, kisha tupande taratibu kupitia Mwatate hadi kwa mama. Na wakisinzia, waamsheni.